Nimefika 40, na Mama Watoto Hayupo



Jumamosi iliyopita nilitimiza miaka 40. Wengi wenu mlinitumia jumbe, wengine mkapiga simu, wengine mkatuma pesa ya soda kwa M-Pesa, na akina mama wa kanisa wakafika mapema na sufuria zao kabla hata sijanyoa ndevu. Mungu awabariki. Sijaweza kumjibu kila mmoja, lakini nimesoma zote.

Jumbe mbili zimebaki moyoni mwangu wiki nzima. Mmoja wenu aliniandikia kwamba hiyo ni siku ya furaha, nisimpe shetani nafasi ya kunikumbusha huzuni. Mwingine aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama si mapema mno kupika na kupiga picha, na mwaka wa mama haujaisha.

Nawapenda wote wawili. Lakini ukiangalia vizuri utaona wanasema jambo moja. Mmoja anataka huzuni itoke ili furaha iingie, na mwingine anataka furaha isubiri mlangoni mpaka huzuni imalize. Wote wanaamini kwamba hizo mbili haziwezi kuketi nyumba moja. Mimi leo nimekuja kuwaambia kwamba Jumamosi ziliketi pamoja nyumbani kwangu, zikala pamoja, na Mungu hakuondoka.

Naandika haya sasa kwa sababu Desemba iko mlangoni. Najua nyumba katika kanisa letu ambazo zitapika Krismasi ya kwanza na kiti kimoja kiko wazi. Kuna binti ataolewa mwaka huu bila baba wa kumshika mkono. Kuna mama ambaye mtoto wake anamaliza shule, na aliyekuwa akilipa karo pamoja naye yuko kaburini. Siku kubwa haingoji mtu apone, mpendwa. Inakuja tu, kwa sababu kalenda haijui kwamba umefiwa.

Kwa wale waliojiunga nasi karibuni, mke wangu, ambaye kanisani mlimwita Mama Mchungaji, alilala katika Bwana mwezi wa Machi. Ni miezi 8 sasa. Alikuwa na miaka 38. Ilikuwa saratani ya matiti. Tulikuwa tumeishi katika ndoa miaka 15, na Mungu ametupa watoto watatu: kifungua mimba ni msichana wa miaka 14, wa pili ni mvulana wa miaka 11, na kitinda mimba ni msichana wa miaka 6.

Mambo ya siku ya kuzaliwa kwetu yalikuwa yake. Mimi nililelewa kijijini Bungoma, na huko tarehe yangu ya kuzaliwa ilikuwa kitu cha kuandika kwenye fomu ya shule. Hakuna aliyeniimbia. Yeye ndiye aliyeanza, mtoto wetu wa kwanza alipofikisha mwaka mmoja. Hatukuwa na oveni. Alioka keki kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, ikaungua upande mmoja, tukala ule upande mwingine. Tangu hapo hakuacha. Na tangu nikiwa na miaka 37 alikuwa akiniambia, "Baba, ukifika arobaini tutaita watu." Nilikuwa namwambia tutaona. Alikuwa ameshaona.

Basi Oktoba ilipofika, mimi nilikuwa nimepanga kunyamaza. Nilitaka siku hiyo niende nikahubiri mahali mbali, nirudi usiku, iwe imepita. Kifungua mimba akaniambia, "Baba, mama alisema tutaita watu." Nikampigia mama yangu simu nikitumaini ataniunga mkono. Mama yangu ana miaka 68 na hana maneno mengi. Aliniambia, "Baba, wewe ulizaliwa. Aliyekufa tumemlilia, na bado tutamlilia. Lakini aliyezaliwa naye ana siku yake. Nakuja."

Hayo ndiyo yaliyonikalia moyoni, kwa sababu yalinirudisha kwenye neno lenyewe: arobaini.

Ndugu zetu wa Pwani wana neno hili pande zote mbili za maisha. Mama akijifungua hukaa ndani siku 40, na zikiisha husemwa ametoka arobaini. Mtu akifa, siku ya 40 watu hukusanyika kumfanyia kisomo, na hiyo pia huitwa arobaini. Anayezaliwa na anayezikwa wanahesabiwa kwa hesabu moja. Sisi wa Biblia nasi tunaijua namba hiyo. Israeli walikaa jangwani miaka 40. Eliya alitembea siku 40 mpaka Horebu, na alianza safari hiyo akiwa amemwomba Mungu afe. Bwana Yesu alifunga siku 40. Na mkisoma Mwanzo 50 mtaona mwili wa Yakobo ulitiwa dawa kwa siku 40 kule Misri. Ukiziangalia hizo zote, arobaini katika Maandiko mara nyingi si namba ya waliofika. Ni namba ya walio njiani, ambao Mungu anawalisha wakiwa njiani.

Najua pia wako watakatifu wanaosema mtu aliyeokoka hafai kusherehekea siku ya kuzaliwa, kwa sababu katika Biblia waliotajwa wazi kufanya hivyo ni Farao na Herode, na sherehe zote mbili ziliisha na kifo. Ni kweli. Katika Mwanzo 40 Farao alifanya karamu siku yake ya kuzaliwa, na mkuu wa waokaji akatundikwa. Katika Marko 6 Herode alifanya karamu, na kichwa cha Yohana Mbatizaji kikaletwa kwenye sinia. Lakini tazama tofauti. Hao wawili waliketi mezani na uwezo wa kutoa uhai wa wengine. Sisi tuliketi mezani tukijua kwamba hatuwezi kuongeza hata siku moja kwa maisha ya tunayempenda. Farao na Herode walijisherehekea wenyewe. Mimi Jumamosi nilikuwa namshukuru aliyenipa pumzi, na aliyempa mke wangu pumzi kwa miaka 38.

Sasa niwaambie mambo mawili yaliyotokea siku hiyo. Watoto wangu wamenikubalia niyaandike.

La kwanza ni la mvulana wangu. Mnajua desturi yetu, mwenye siku hamwagiwi sifa tu, anamwagiwa maji. Nilikuwa nimesimama nje, karibu na tenti, nimevaa shati jeupe, nasalimia wageni kutoka Bungoma. Kijana akatoka nyuma ya nyumba na ndoo, akanimwagia yote. Maji ya Nakuru asubuhi ya Novemba, wapendwa, hayana huruma. Niliruka, watu wakacheka, na yeye akacheka. Alicheka mpaka akaketi chini. Nyumba nzima tulinyamaza kumsikiliza, kwa sababu tangu Machi hatukuwa tumeisikia sauti hiyo.

Halafu nikaona uso wake unabadilika. Akasimama, akaacha ndoo pale, akaenda nyuma ya nyumba. Nikamfuata nikiwa nachuruzika maji. Nikamkuta ameegemea tangi, analia.

Nikamuuliza, "Baba, ni nini?"

Akasema, "Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Nilisahau kuwa mama amekufa."

Mtoto wa miaka 11 alifikiri ametenda dhambi kwa sababu kwa muda mfupi alifurahi. Alifikiri kila dakika ambayo halii ni dakika amemwacha mama yake peke yake.

Niliketi naye chini hapo hapo, kwenye matope. Nikamwambia, "Hukumsahau mama. Ulipumzika uchungu. Hivyo ni vitu viwili. Mama ukimsahau hutalia hivi. Mungu amekupumzisha kidogo, kama vile mtu aliyebeba gunia anavyolitua chini akapumua, halafu akalibeba tena. Kulitua si kulitupa."

Tukakaa kidogo. Halafu akaniambia nimelowa sana. Nikamwambia ni yeye. Akacheka tena, machozi yakiwa bado usoni.

Mpendwa, nakuuliza wewe unayesoma. Ni wangapi kati yetu watu wazima tunabeba wazo lile lile la yule mtoto? Unacheka kwenye harusi ya jirani, halafu unajishika. Unaimba kwenye sifa, mwili unaanza kucheza, halafu unajiambia, "Na yeye yuko chini ya udongo." Umeifanya huzuni iwe ndiyo uthibitisho wa upendo wako, na sasa unaogopa ikipungua, watu watasema upendo umepungua.

Soma Mwanzo 47 na 48. Yakobo ana miaka 147. Yuko Misri, analishwa na mwana aliyedhani amekufa. Ameletewa wajukuu awabariki, Efraimu na Manase. Ni siku ya furaha kubwa kwa mzee. Na katikati ya maneno ya baraka, ghafla, anaanza kusimulia jinsi Raheli alivyomfia njiani, ikiwa imebaki safari fupi kufika Efrathi, na jinsi alivyomzika pale pale kando ya njia. Ukipiga hesabu kwa umri wa Yusufu, ilikuwa imepita takriban miaka 40. Hakuna aliyemuuliza. Yusufu hakumwambia, "Baba, hayo yalipita." Yakobo alikula, alisafiri, alizeeka, alipata wajukuu, alicheka. Na Raheli alikuwa bado moyoni. Halafu akaendelea, akanyosha mikono, akawabariki wale vijana.

Baraka ilitoka kwenye mdomo ule ule uliokuwa umetoka kumtaja marehemu.

La pili ni la kitinda mimba. Wakati wa keki ulifika. Tulikuwa tumekubaliana watoto ndio wakate. Wakakata, wakaanza kugawa: kipande cha kukhu, maana ndivyo wanavyomwita mama yangu, kipande cha baba mkubwa, kipande cha shangazi. Yule mdogo akachukua sahani moja, akaweka kipande kizuri chenye ua la krimu, akakiweka kando. Dada yake akamuuliza ni cha nani. Akasema, "Hiki ni cha mama."

Watu walinyamaza. Wengine walianza kulia. Na mzee mmoja wa familia yetu, mtu aliyeokoka miaka mingi, akanisogelea sikioni akaniambia, "Mchungaji, hapo tuangalie. Tusije tukaanza kulisha wafu."

Nataka mjue kwamba huyo mzee hakukosea kunionya. Huko tulikotoka tulikuwa na desturi za kuwamwagia wazee waliokufa pombe na kuwawekea chakula, na injili ilitutoa huko. Sisi hatulishi wafu, na hatuzungumzi nao. Tunaamini waliolala katika Kristo wako naye, na hawahitaji keki yetu. Hilo nilifundishwa chuo cha Biblia, na nalihubiri.

Lakini mtoto wa miaka 6 hakuwa anafanya tambiko. Alikuwa anahesabu watu wake, na hesabu ikakataa kutimia.

Sasa lazima niwaeleze kidogo kuhusu mgeni mmoja. Mama mkwe wangu alikuja. Kwetu magharibi mnajua mila ilivyo: mama mkwe haingii kwa mkwe wake hivi hivi, hawashikani mikono, hawaketi meza moja. Wokovu umelegeza mambo mengi, lakini heshima imebaki. Alikuwa ameletewa kiti chini ya mparachichi, mbali kidogo na tenti, na shali yake, na kuku wa kienyeji aliyekuja naye kwenye matatu kutoka Kakamega. Alimzaa yule ambaye hayupo. Alikuja kusherehekea siku ya mtu aliyemwoa binti yake, akijua binti hatamkuta. Sijui safari ndefu kuliko hiyo.

Nikapiga magoti mbele ya mtoto. Nikamwambia, "Mama hali keki yetu sasa. Yuko na Bwana Yesu, na hana njaa. Lakini mama ana mama yake. Umemwona?"

Akageuka akaangalia kwenye mparachichi. Akabeba sahani kwa mikono miwili, akaenda polepole ili ua lisianguke. Mama mkwe akapokea, akamwambia, "Asante, mama." Alikula nusu huku akilia, na nusu akamlisha mjukuu wake. Yule mzee aliyenionya alikuwa amesimama kando yangu. Akatoa leso.

Wapendwa, baada ya wageni kuondoka nilifungua Nehemia 8. Mnaijua sura hii, tunaihubiri sana, hasa ule mstari wa 10 unaosema kwamba furaha itokayo kwa Bwana ndiyo inayotutia nguvu. Tumeutumia sana kuwanyamazisha watu wanaolia. Lakini soma mstari wote. Watu wale walikuwa wanalia kwa sababu wamesikia torati ikisomwa na ikawachoma. Wakaambiwa waende wakale vilivyonona na kunywa vitamu, halafu kuna agizo ambalo huwa tunaliruka: wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Furaha ya Bwana katika sura ile haikuwa ya kukausha macho. Ilikuwa na sahani mkononi, na ilikuwa inatembea kumtafuta asiye na kitu.

Kipande cha mama kilipata mahali pa kwenda. Huo ndio ushauri wangu mkubwa leo. Upendo uliokuwa ukimpa marehemu haujafa pamoja naye. Bado uko mkononi mwako kama sahani. Usiushikilie mpaka uoze, na usijifanye huuoni. Mtafute mtu wake aliye hai, umpelekee.

Na kama bado unajiuliza kama Mungu anakubali kilio na kicheko kwa wakati mmoja, nenda Ezra 3. Hekalu la Sulemani lilichomwa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo. Takriban miaka 50 baadaye, waliorudi kutoka utumwani wakaweka msingi mpya. Vijana hawakuwahi kuliona la kwanza, wakapiga kelele za furaha. Wazee waliokuwa wameliona wakalia kwa sauti kuu. Na Neno linasema, mstari wa 13, kwamba watu hawakuweza kupambanua sauti ya shangwe na sauti ya kilio. Zilichanganyika zikawa sauti moja, ikasikika mbali.

Hakuna mahali katika sura ile Mungu anawakemea wazee kwa kulia. Hakuna mahali anawakemea vijana kwa kushangilia. Na hakuna mahali panasema ujenzi ulisimama kuwangoja wazee wanyamaze kwanza. Msingi uliwekwa na wote wawili, sauti zikiwa zimechanganyika. Kama ungesimama nje ya boma langu Jumamosi saa nane mchana, ungesikia sauti hiyo hiyo.

Basi niseme machache ya kutenda, halafu tuombe.

Kwako uliyefiwa, na siku kubwa inakuja. Usiifute. Ipunguze ukitaka. Si lazima utende yote ambayo mwenzako alikuwa akitenda, na si lazima uyafanye vizuri kama yeye. Keki yetu ilinunuliwa, haikuokwa kwa makaa, na hakuna aliyekufuru. Waulize watoto wanataka nini kibaki na nini kibadilike, maana wao pia ni wafiwa. Na ujiwekee mlango wa kutokea. Mimi niliingia chumbani mara mbili, nikalia, nikanawa uso, nikarudi. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Kwenu wanaume wenzangu mliofiwa na wake. Kanisani tuna kikundi cha wajane, wanaombeana, wanatembeleana. Mwanamume aliyefiwa na mke anaitwa mgane, na wengi wetu hata neno hilo hatulijui, kwa sababu hakuna anayetuita. Tunaambiwa tujikaze. Ndugu yangu, Ibrahimu baba wa imani aliingia kumlilia Sara na kumwombolezea, Mwanzo 23:2. Kisha mstari wa 3 akainuka, akaenda kununua kaburi kwa shekeli 400 za fedha. Alilia na akainuka. Anayekwambia uinuke bila kulia anakuibia mstari wa 2. Njoo kwangu Jumatano jioni baada ya maombi, tuketi tuzungumze. Chai ipo.

Kwenu majirani na wapendwa kanisani. Mtajeni aliyekufa kwa jina. Wengi mnaogopa kutukumbusha, kana kwamba tulikuwa tumesahau. Siku ile shangazi mmoja alisimama akasema jinsi mke wangu alivyokuwa akicheka vibaya kanisani wakati wa matangazo, watu wakaangua kicheko, na nilihisi kama mtu amenifungulia dirisha. Msitupe tarehe ya kumaliza. Israeli walimlilia Musa siku 30, Wamisri walimlilia Yakobo siku 70, na hizo ni siku za taifa kukaa matanga, si siku za moyo. Na kwa upendo niseme hili: msituletee wachumba kwenye matanga. Nimeambiwa na watu watatu kwamba wameonyeshwa mke wangu wa pili, na kila mmoja ameonyeshwa mtu tofauti. Bwana akitaka kusema nami juu ya jambo hilo, anaijua nyumba yangu.

Kwako ambaye mwenzako yuko hai, anasinzia hapo kando yako ukisoma hii. Sitakutisha. Mwamshe tu umwambie asante kwa jambo moja, ulitaje. Kesho mtapika, mtalipa karo, mtagombana juu ya rimoti. Ni sawa. Hayo yote ni sikukuu, ila haijaandikwa kwenye kalenda.

Paulo alipowaandikia Wathesalonike, 1 Wathesalonike 4:13, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Huzuni yetu ina tumaini ndani yake, na kwa sababu hiyo inaweza kukaa mezani na furaha bila kuigeuza meza. Bwana Yesu mwenyewe alijua anakwenda kumfufua Lazaro, na bado alilia. Hakuona machozi yake yanapingana na muujiza wake.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, mkumbuke kila mtu anayesoma akiwa na kiti kitupu nyumbani. Siku kubwa itakapofika, umpe nguvu ya kuandaa, na umpe pia mahali pa kulia. Waondolee watoto hofu kwamba wakicheka wamesahau. Waondolee watu wazima hofu kwamba wakilia wamekosa imani. Utuonyeshe walio hai wa kupelekewa sahani. Asante kwa miaka uliyotupa pamoja na tuliowapenda, na asante kwa miaka unayotupa sasa, hata hii ambayo hatukuiomba iwe hivi. Tunangoja siku ambayo hatutabakiza kiti. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama kuna mtu unamkumbuka leo, andika jina lake hapa chini. Jina tu, linatosha. Jumapili asubuhi, kabla ya sifa, nitayasoma yote mbele ya kanisa, halafu tutaimba.

Ni mimi mchungaji wenu.